Uzoefu wangu: unga wa mdalasini ulioniharibia keki ya matufaha

Mama yangu alitafuna kipande cha kwanza, akanyamaza, akakitazama kilichobaki kwenye sahani, kisha akaniuliza taratibu, "Mdalasini umeutia wapi, mwanangu?"

Nilikuwa nimetia vijiko vikubwa viwili. Ulionekana kabisa. Ukiikata keki unauona umejizungusha ndani kwa rangi ya kahawia iliyokolea, kama gamba la konokono, na vipande vya matufaha vimejipanga pembeni yake. Kwa macho hakikukosekana kitu. Ila ukiweka mdomoni unakutana na utamu wa sukari na kitu kama vumbi kwenye meno, basi. Mama amezaliwa Amani, huko juu Muheza, ambako mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga ni mazao ya shambani kama kwingine mahindi. Amebandua magome tangu msichana. Huwezi kumwekea mezani keki isiyonukia ukamwambia ni ya mdalasini. Hakusema zaidi ya lile swali. Alimaliza kipande chake chote kwa heshima, na mimi hilo ndilo lililoniuma kuliko kama angekiacha.

Kwa hiyo naandika kuhusu unga wa mdalasini wa pakiti niliouziwa kwenye duka moja la viungo hapa Dar es Salaam, na namna nilivyojibiwa niliporudi. Duka sitalitaja jina.

Kwanza niseme haki ya mapishi, kwa sababu siku ile nilianza kwa kuyalaumu na hayakuwa na kosa. Hii ni keki rahisi. Hata anayeanza kuoka leo ataiweza. Unapiga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, unatia mayai matatu moja moja, mtindi nusu kikombe, halafu vikombe viwili vya unga wa ngano uliochekechwa pamoja na vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda na chumvi kidogo. Nusu ya mchanganyiko inatangulia kwenye chombo, juu yake unatandaza matufaha na mdalasini uliochanganywa na sukari, nusu iliyobaki inafunika. Kisu kinapita ndani mara mbili tatu kama unaandika nane, na hapo uache. Ukizidisha kuvuruga, msokoto unapotea na keki nzima inakuwa ya kahawia. Oveni nyuzi 180, kama dakika 50. Asiye na oveni atumie sufuria nzito yenye mfuniko, mkaa kidogo chini na mwingi juu, ndivyo tulivyolelewa na keki zilikuwa zinaumuka vizuri tu.

Matufaha sikuyanunua. Mdogo wangu alinitumia boksi zima kwa basi kutoka Lushoto. Ni madogo, mengine yana madoa, lakini yana uchachu wake na hayafumuki yakawa uji ndani ya moto kama yale mekundu makubwa ya kung'aa yanayopangwa kwenye meza za barabarani. Nasema matufaha kwa makusudi. Kwetu Tanga, na Unguja pia, ukimtuma mtoto matofaa anaweza kukuletea yale mekundu ya majimaji yenye kokwa kubwa, ambayo mti wake ukidondosha maua chini panakuwa kama pametandikwa zulia la rangi ya waridi. Hayo ni mazuri kwa kula na chumvi, kwenye keki yatakuletea maji. Hapa nasema haya ya nchi za baridi, ambayo mjini wengi wanayaita epo.

Yamenyeni, mkate vipande vidogo kama ukucha wa kidole gumba, mnyunyizie ndimu yasibadilike rangi, kisha myapake unga mkavu kidogo. Vipande vikubwa vinazama. Nilishajifunza hilo zamani, sikulikosea safari hii.

Ndiyo maana hasira zangu hazina pa kwenda isipokuwa kwenye ile pakiti.

Matufaha yamesafiri kutoka Lushoto. Siagi nilinunua ya kweli, siagi ya maziwa, na bei yake kila mtu anaijua. Mama amekuja kwa matibabu, amekaa kwangu wiki kadhaa, hana hamu ya kula, na siku moja tu akataja mwenyewe kwamba anatamani kitu chenye mdalasini. Mimi nikakimbia sokoni. Duka lile linapendeza, magunia yamefunguliwa mdomo, manjano hapa, bizari kule, unaingia unapokewa na harufu ya viungo vyote kwa pamoja, na sasa naelewa kwamba hilo ndilo lililonidanganya. Pua ilishajaa harufu za viungo vingine. Pakiti ilikuwa imefungwa kwa moto, haina tarehe, haina chochote ila karatasi ndogo ya jina. Sikuifungua. Nililipa nikaondoka nikijiona nimewahi.

Niliporudi, sikuwa nimekwenda kugombana. Nataka hilo lieleweke. Nilibeba pakiti na kipande cha keki kwenye kopo, nikangoja wateja wawili wamalize, nikaamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye simu. Nikamweleza. Akaichukua pakiti, akaitikisa, hakuinusa. Hakuinusa! Mtu anauza viungo na hakuileta puani.

"Mama, huu ni mdalasini. Rangi huioni?"

"Rangi naiona, mzee. Harufu ndiyo siisikii."

"Hujui kuoka tu. Umeunguza. Mdalasini ukiunguzwa unapoteza harufu."

Nikamfungulia kopo aone keki haikuungua. Hakutazama. Akamgeukia mteja mwingine, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Anayetaka harufu aende duka la manukato."

Watu wakacheka. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaosoma sekondari, nimesimama na kopo la keki mkononi na watu wananicheka kwa sababu nimeomba mdalasini unukie. Kwa hiyo mdalasini ni wa nini? Tunautia kwenye chai, kwenye pilau, kwenye kaimati, kwa ajili ya rangi? Nilitetemeka mpaka nikashindwa kulifunga lile kopo.

Niwe mkweli kwa upande wake pia. Sisemi kwamba alichanganya kitu kwenye unga. Sina ushahidi na sitamzulia. Mdalasini ukishasagwa, mafuta yake yanayobeba harufu huanza kuruka siku hiyo hiyo, na ukikaa miezi kwenye pakiti nyepesi dirishani juani, kinachobaki ni gome lililosagwa, halali kabisa, lisilo na faida yoyote. Inawezekana ndivyo ilivyokuwa. Inawezekana hata yeye aliuziwa hivyo hivyo. Kama angenijibu, "Mama, pole, mzigo huu umekaa," ningeondoka bila hata kudai hela yangu, na haya yote nisingeyaandika. Hela si kitu. Elfu chache zile zimeshakwenda. Lakini kuambiwa sijui kuoka, na mtu ambaye hakuinusa bidhaa yake mwenyewe, hapana. Hilo halina udhuru, na nikilifikiria tena sasa hivi naona hata huko kumtetea hapo juu nimezidisha.

Sasa lililonivuruga ni hili. Nilikuwa nimeshavuka barabara nikasikia mtu ananiita, "Mama! Mama wa keki!" Ni kijana anayefanya kazi pale dukani, yule anayepima. Amekuja mbio, ana kifungu cha magome mkononi kimefungwa kwenye gazeti. Akasema, "Samahani mama, usichukie. Ule unga umekaa sana. Chukua haya ukasage mwenyewe nyumbani." Akavunja kimoja mbele yangu kwa vidole viwili tu, akanisogezea puani.

Jamani.

Wanaojua mdalasini watanielewa. Gome lilikuwa jembamba kama karatasi, limejikunja mara nyingi, moja ndani ya jingine, na likivunjwa linasagika lenyewe kwenye kiganja. Si yale manene magumu ya mkunjo mmoja ambayo ukiyapiga mchi yanaruka nje ya kinu. Yale nayo yana ukali wake na kwenye pilau sina ugomvi nayo, ila kwa keki nataka haya membamba, yana utamu ndani ya harufu. Nilimwuliza bei akasema elfu mbili. Nikampa, nikataka kumwongezea ya soda, akakataa, akarudi mbio kabla hajaitwa.

Jioni ile niliyaanika kidogo kwenye trei juu ya jiko lililozimwa yakauke vizuri, nikayatwanga kwenye kinu cha Mama, nikachekecha kwa chujio la chai mara mbili. Mama alikuwa amelala chumbani. Kabla sijamaliza kutwanga nikasikia anakohoa, kisha miguu yake kwenye korido. Alikuja mwenyewe jikoni. Kwa wiki zile, kuja jikoni mwenyewe lilikuwa jambo kubwa. Akavuta kigoda akakaa, akachukua chenga zilizobaki kwenye chujio akazifikicha, akanusa mkono wake, hakusema neno.

Msokoto wa safari hii ulihitaji mdalasini kijiko kikubwa kimoja tu, tena cha kusawazisha. Nusu ya ule wa mwanzo. Nikauchanganya na robo kikombe cha sukari, kijiko kimoja cha unga wa ngano, na siagi laini, isiwe imeyeyuka. Unga ule wa ngano msiuache, ndio unaoushika msokoto usiteremke wote chini ukagandia kwenye chombo kama peremende. Mama ndiye aliyepitisha kisu. Mara tatu, akaniambia inatosha.

Ilipofika katikati ya moto, jirani wa ghorofa ya chini alimtuma mwanawe kuuliza tunapika nini. Keki tuliiacha ipoe robo saa tu, tukashindwa kungoja. Matufaha yalikuwa yamelainika lakini bado yana umbo, uchachu wake unakata ule utamu, na mdalasini unakuja mwisho, unabaki kwenye koo mpaka unywe chai. Mama alikula vipande viwili. Akaomba chai ya rangi, bila sukari. Akauliza, "Huu umetoka kwetu?" Nikamwambia nimeununua hapa hapa mjini. Akatikisa kichwa kama haamini.

Basi nihukumuje? Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kusema duka lile msilikanyage. Unga wa pakiti wa pale bado nasema msiguse, na wa popote pale kama hamkuruhusiwa kuufungua na kuunusa kabla ya kulipa. Mwenye duka atakayekasirika ukitaka kunusa, huyo ameshakujibu. Yule mzee sitamsamehe haraka, na nisingependa dada yangu au binti yangu asimame mbele yake achekwe kama nilivyochekwa mimi. Lakini magome yale ni mazuri kuliko yote niliyowahi kupata hapa Dar, na nimetafuta. Wiki iliyofuata nilizunguka maduka mengine manne, nikavunja, nikanusa, hakuna lililofikia. Hivyo siwezi kusema duka ni bovu. Siwezi pia kusema ni zuri, maana ukiingia pale bila kumjua yule kijana utaondoka na kile nilichoondoka nacho mimi siku ya kwanza, pamoja na maneno juu yake.

Kama mtalitambua duka lenyewe, nendeni asubuhi. Mzee huwa hajafika, kijana ndiye anayefungua. Mwambieni mnataka magome membamba, si unga, na asivunje moja tu, avunje mawili matatu kutoka chini ya gunia.

Mama bado yuko kwangu. Jana ameniuliza kama matufaha ya Lushoto yamebaki. Yamebaki manane. Mdalasini umebaki gome moja na nusu, kwa hiyo kesho asubuhi nitapita tena pale.