Seti ya kuunganisha meli ya Endeavour, nimeitoa Memorial Moshi

Aisee kama unapenda kuunganisha vitu vidogo vidogo hii seti ya plastiki itakufaa, ila jiandae kuhangaika. Nimeipata mitumba ya Memorial kwa elfu 25, boksi limechoka lakini vipande vyote vimo, na maelekezo ni michoro na namba tu so lugha haikusumbui.

Walichopatia hasa ni tumbo la meli. Pana, butu mbele, chini bapa, na ndivyo ilivyokuwa kweli, maana hii haikuzaliwa meli ya jeshi bana, iliundwa Whitby kule Uingereza 1764 ikiitwa Earl of Pembroke, kazi yake kubeba makaa ya mawe. Jeshi la majini likainunua 1768 kwa safari ya nahodha James Cook kwenda kisiwa cha Tahiti, wakaipa mizinga 10, na yenyewe urefu kama mita 30 tu halafu watu 94 humo ndani! Meli ya makaa inameza mzigo mwingi, na kwa vile chini ni bapa unaipandisha ufukweni unaikarabati bila kuhitaji gati. 1770 ikapanda mwamba wa matumbawe kule Australia, wakatupa mizinga 6 baharini ili iwe nyepesi, ikanasuka, wakaipeleka mtoni wakaiziba (ile mizinga imekuja kuopolewa 1969). Kwenye seti mizinga imo yote, mimi 6 sijaibandika makusudi, yangu ni ile iliyotoka mwambani.

Shida ni kamba. Uzi wa kwenye boksi ukiugusa na supaglu unakakamaa kama waya na unakatika, nikaomba uzi mweusi kwa fundi cherehani ndo mambo yakaenda. Mlingoti mmoja ulikuja umepinda, maji ya moto yakaunyoosha.

Halafu maelezo ya kwenye boksi yanaishia kwa Cook, wakati utamu uko mbele: jeshi likaiuza 1775, ikarudi kwa wafanyabiashara ikaitwa Lord Sandwich, ikakodiwa kubeba askari kwenye vita ya uhuru wa Marekani, na 1778 Waingereza wenyewe wakaizamisha pale Newport, Rhode Island kuwazibia njia Wafaransa waliokuwa upande wa Wamarekani. Dah.

Mtoto mdogo usimnunulie, vipande ni vidogo mno. Na rangi haimo, madukani hapa mjini nimekuta za makopo makubwa za ukutani tu, nimemalizia na rangi za kucha za wife, zile nyeusi na kahawia, zinakamata vizuri kuliko nilivyodhani.