Tahadhari: Rupia za Mjerumani zinazozungushwa Kariakoo, nimepigwa laki tatu na nusu

Wakuu, salaam. Naandika huku aibu inanitafuna, maana mimi ndiye niliyekuwa nawacheka watu wa rupia, wale wanaosaka sarafu za zamani za enzi za ukoloni wa Mjerumani.

Jamaa ni mtu mzima, kanzu safi, sauti ya chini, kila sentensi "mwanangu". Tulikutana Gerezani, karibu na kituo cha mwendokasi. Hadithi yake ni kwamba baba yake mdogo huko Tabora alikuwa anachimba shimo la choo akakutana na kopo la Mjerumani. Akafungua leso, ndani kuna sarafu tatu za rupia 2, za mwaka 1893. Upande mmoja Kaiser, mfalme wa Ujerumani, na ile kofia yake yenye tai, upande wa pili simba na mtende. Zimekolea weusi, zina udongo kwenye herufi. Mkono ukaanza kuniwasha.

Akatoa sumaku yake mwenyewe mfukoni. "Unaona? Haishiki. Fedha tupu hiyo, mwanangu." Nikameza. Wakuu, sumaku haishiki hata koki ya shaba ya bombani kwenu. Ikishika, jua ni feki. Isiposhika, bado hujajua kitu. Alianza na laki tano kwa moja, akashuka fasta hadi laki tatu na nusu. Rupia 2 zilipigwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, mwenye nazo ashuke hivyo kwa sababu gani? Sikujiuliza. Nikamrushia hela ya moja kwenye simu.

Usiku nikaweka sarafu kwenye mzani mdogo, ule wa masonara unaosoma desimali mbili. Gramu 18.90. Halisi ni 23.3. Kuchakaa kunakula pointi kadhaa, hakuli gramu nne.

Nikajipa moyo, labda mzani mbovu. Basi nikafanya kipimo cha maji, na hiki ndicho ninachotaka mkishike. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mzani, rudisha sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote, isiguse kitako wala pembeni. Mzani utasoma namba ndogo; chukua uzito wa sarafu ugawe kwa namba hiyo. Yangu ilisoma 2.24, jibu likaja 8.4, yaani ni nzito mara 8.4 kuliko maji ya ukubwa huo huo. Fedha ya rupia hizi inatakiwa ikupe kama 10.3. Hiyo 8.4 ni shaba iliyochanganywa na zinki, imepakwa tu rangi ya fedha juu. Tapeli anaweza kuiga ukubwa au kuiga uzito, lakini vyote viwili kwa pamoja kwa shaba, haviwezekani.

Baada ya hapo hata sabuni ilitosha. Maji ya beseni yakawa meusi, harufu ya rangi ya viatu chumba kizima, na juu ya kofia ya Kaiser unjano ukachungulia. Ukingoni kuna mshono umepigwa tupa. Halafu nikakumbuka picha niliyopiga pale Gerezani. Nikaivuta: sarafu zote tatu zina mkwaruzo mmoja, pale pale chini ya sharubu. Mama yao mmoja, zimetoka kalibu moja.

Kwa wenye rupia 1 za bibi na babu, pimeni: gramu 11.66 ikiwa haijachakaa, upana milimita 30.5. Za fedha ziliishia 1914, kwa hiyo ukiletewa rupia ya fedha ya 1916, rudi nyumbani. Reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ni gramu 28 na ukingoni ina maandishi, haina meno; mwaka 1780 usikutishe wala kukufurahisha, zimeendelea kupigwa na mwaka huo huo hadi miaka ya karibuni.

Jumatatu jamaa akapiga tena, eti sasa ana tembo, yaani ile rupia 15 ya dhahabu iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye picha ya tembo mbele ya mlima Kilimanjaro. Milioni mbili, "kwa sababu ni wewe". Hiyo halisi ni gramu 7.1 na kidogo. Nikamwambia sawa mzee wangu, tukutane dukani kwa sonara, tuipime nikulipe hapo hapo. Akasema masonara wana husuda, wakiiona watampelekea watu. Nikamwambia basi nije na mzani wangu. Akakata.

Tangu jana hapatikani, na tembo bado anaye.