"Mama, hatukopeshi watu wakalale dukani"

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia. Siku nyingi zimepita lakini nikikumbuka ile sauti moyo unanienda mbio.

Masika yakiwa yameshika, tulipata jengo Magomeni, mtaa wa ndani. Fremu tatu mbele, stoo kubwa nyuma, na uwani mwarobaini mkubwa. Biashara pale ilishakufa, na mzee mwenye jengo alichoka kufukuzana na wapangaji. Mume wangu ni fundi ujenzi. Alizunguka mara moja tu akaniambia, "Mama watoto, tukitoboa huu ukuta na kuziba milango ya mbele, hapa pana vyumba vitatu na sebule." Bei ilikuwa chini ya nyumba zote tulizotembezwa na madalali. Hati ipo. Nikasema Mungu katuona.

Tukaamua kuomba mkopo benki, ile ambayo mshahara wangu unapita miaka 11. Nikapiga simu, nikaambiwa nianze na ripoti ya uthamini, tena kwa mthamini aliye kwenye orodha yao. Nikamlipa, na ile hela hairudi. Ripoti ikatoka na thamani zake mbili, ya soko na ya mauzo ya haraka, hii ya pili ikiwa ndogo mpaka nikashtuka. Hapo hakuna aliyekuwa ameniuliza hati inasemaje.

Basi nikaenda dirisha la mikopo ya nyumba. Wakafungua nakala ya hati, wakaona matumizi ni biashara. Nenda mikopo ya biashara. Kule wakataka leseni, mahesabu, na makadirio ya kodi. Mimi mwajiriwa, biashara sina. Rudi mikopo ya nyumba. Siku nne hizo, na kila siku naomba ruhusa kazini kwa kisingizio kipya.

Siku ya nne nilikwenda na mume wangu, maana nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, naye aliacha saiti Tegeta aje kusaini. Viatu vyake vilikuwa na saruji. Yule afisa, kijana makamo ya mdogo wangu wa mwisho, hakutukaribisha hata kiti. Hakuamkia. Alisukuma faili mpaka ukingoni mwa meza akasema, kwa sauti ambayo foleni nzima iligeuka, "Mama, sisi hatukopeshi watu wakalale dukani." Watu wakacheka. Mume wangu akaangalia viatu vyake. Hajasema neno mpaka tumefika kituo cha daladala, na pale alisema tu, "Turudi nyumbani."

Angesema "haiwezekani" ningeelewa. Kunyimwa mkopo si kutukanwa. Lakini mtu mzima amevaa nguo za kazi, amekuja kuweka saini yake halali, unamfanya kichekesho mbele ya watu? Nikaapa. Nikawaambia wenzangu wote kazini wahamishe mishahara. Msiende benki ile, nilisema, hata kwa kubadili noti.

Sasa haki nayo isemwe. Nilipokwenda kufunga akaunti, tawi lao lingine, Posta, dada aliyenipokea aliniuliza kwa nini. Nikamweleza huku machozi yananilenga. Akanivutia kiti. Dakika kumi tu, akaniambia ambacho siku nne nzima hakikusemwa. Mkopo wa nyumba unaweza kufika miaka 20 kwa sababu benki ina mahali pa kupata fedha za muda mrefu, kwa mfano TMRC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2010 kwa kazi hiyo, na fedha hizo ni za makazi. Mkopo wa biashara wanautaka urudi upesi. Kwa hiyo jengo likisomeka biashara, hata ukilitandika vitanda, kwao si nyumba.

Dawa ni kubadili matumizi ya ardhi kupitia manispaa. Na anayeomba ni mwenye hati, yaani mzee, si mimi mnunuzi! Ningemlipa malipo ya awali kwa pupa yangu, halafu yeye akagoma kuomba, ningeenda wapi? Yule dada akasema tumtafute wakili aandike mkataba wenye sharti: mzee anaomba, gharama juu yetu, na mauzo yanakamilika hati ikishasomeka makazi. Majirani nao wanapewa nafasi ya kupinga. Hadi sasa hakuna aliyepinga. Mama wa nyumba ya pili alituletea maandazi.

Mzee amekubali. Maombi yapo manispaa, tunasubiri.

Kwa hiyo yale niliyowaambia wenzangu nayafuta nusu. Akaunti sikuifunga. Mkopo, Mungu akijalia, tutauchukua pale pale, maana masharti yao nimeyalinganisha na ya benki nyingine mbili na bado ni nafuu kwangu. Lakini nitausaini Posta, kwa yule dada. Na lile tawi la kwanza siwapi hata nyota moja mpaka yule kijana amwombe radhi mume wangu. Si mimi. Mume wangu.