Kulanti ya ethilini glaikoli kwenye rejeta: uzoefu wangu

Kulanti hii, yaani kimiminika cha kupozea injini, ile inayouzwa nzito bila maji, nimeitumia na nimeridhika nayo. Wengi wanaoilaumu huimimina kwenye rejeta vivyo hivyo, wakiamini kwamba ikiwa kali zaidi injini itapoa zaidi. Sivyo inavyofanya kazi.

Ikiwa tupu, huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Ukiichanganya na maji nusu kwa nusu, haigandi mpaka baridi ifike karibu nyuzi 37 chini ya sifuri! Molekuli yake ni fupi, ina kaboni mbili, na kila moja imebeba kundi la haidroksili (oksijeni na haidrojeni) linaloshikamana vizuri na maji. Ndiyo maana huchanganyika na maji kwa kiasi chochote, ikiyazuia yasijipange kuwa barafu, nayo maji yakaizuia isigande. Kwenye joto, ikiwa tupu huchemka kwa nyuzi 197, lakini hubeba kidogo tu zaidi ya nusu ya joto linalobebwa na maji ya uzito uleule, tena mnato wake huisumbua pampu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwa nyuzi 107 hivi, na presha ya rejeta hupandisha kiwango hicho.

Mimi hutumia maji yaliyokenekwa, maana chumvi za maji ya bomba huacha magamba. Kupima ni rahisi: glaikoli ina gramu 1.11 kwa sentimita ya ujazo, hivyo haidromita, kifaa cha kupima msongamano wa kimiminika, hutambua uwiano mara moja. Rangi isikudanganye, ni ya kutiwa tu. Hata kinga ya kutu hutokana na viambato vilivyoongezwa, navyo huisha, huku glaikoli yenyewe ikigeuka asidi polepole kwa joto na hewa. Badilisha kwa muda ulioandikwa.

Linalonitia wasiwasi ni utamu wake. Mtoto au mbwa huinywa bila kusita, kisha ini huigeuza kuwa asidi ya oksaliki, inayoungana na kalsiamu na kuwa fuwele zinazoharibu figo. Aliyeinywa huonekana kama mlevi tu mwanzoni. Mkimbize hospitali usingoje. Propilini glaikoli, kulanti ya aina nyingine, ina sumu ndogo zaidi, ingawa mnato wake huwa mkubwa zaidi kwenye baridi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa sababu mfuniko wa chupa hufunguka kirahisi mno.