Darasa la sanaa kwa sisi tusiojua kuchora: nyota nne

Nilijiandikisha hili darasa la mtandaoni la kutuliza wasiwasi kwa sanaa kipindi nasubiri majibu ya kazi, kichwani ni itakuwaje itakuwaje tu, usingizi hakuna. Nilidhani watatuambia tuwaze mazuri basi. Kumbe siku ya kwanza mwalimu katupa zoezi, chora wasiwasi wako kwa mkono usiouzoea, kalamu usiinue, dakika tano. Mimi nikatoa kitu kama kuku aliyenyeshewa, nikacheka mwenyewe. Halafu akauliza, "Huyu anataka kukwambia nini?" wala hakuuliza kama ni kizuri, na hapo ndo nikashtuka, maana wiki nzima naiogopa ile hofu, sijawahi hata kuiuliza inatafuta nini.

Alitutajia pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, wa 2016: watu 39 walifanya sanaa dakika 45, karibu asilimia 75 yao kortisoli, ile homoni ya stresi, ikashuka, na wenye uzoefu hawakuwazidi wasio nao.

Kipindi cha kuonyesha hisia kwa mwili hapana jamani, nilizima kamera nikakaa. Halafu tuko wengi mno, zamu yako ya kuongea ikifika muda umeisha, sauti nayo inakatakata. Na kama una sonona nzito usije ukategemea hili peke yake, mwalimu mwenyewe alisema umwone mtaalamu.

Majibu ya kazi bado. Kuku wangu nimembandika ukutani, juu ya meza.