Patani za Vizibao vya Kufuma kutoka Ravelry: Uzoefu Wangu wa Kuzitafuta na Kuzirekebisha

Nimetumia Ravelry, tovuti ya wafumaji, kwa muda mrefu kutafuta patani za kufuma, yaani maelekezo ya kufuma vazi hatua kwa hatua, na kwa kuwa ninaishi Lushoto, ambako asubuhi za Juni na Julai hazimruhusu mtu kutoka nje bila kitu kizito kifuani, vazi ninalolitafuta mara nyingi kuliko mengine ni kizibao, yaani sweta isiyo na mikono inayovaliwa juu ya shati au blauzi. Maoni yangu nayatoa mapema: katika kutafuta, sijaona mahali panapoifikia huduma hii, lakini katika kulifanya vazi likae vizuri mwilini, patani yoyote utakayoipata humo ni nusu tu ya kazi, na nusu nyingine hufanywa kwa futi ya fundi, kalamu na karatasi. Nusu hiyo ya pili nitaieleza kwa kirefu zaidi, kwa sababu ndiyo inayowakatisha tamaa wafumaji wengi wenye mikono mizuri.

Ravelry ilianzishwa Marekani mwaka 2007, na kujiandikisha ni bure. Ukiingia kwenye utafutaji wa patani unaweza kuchagua aina ya vazi, unene wa uzi, urefu wa uzi ulio nao, ukubwa wa sindano, lugha, kama patani ni ya bure au ya kulipia, na hata namna vazi linavyojengwa: kutoka chini kwenda juu, kutoka mabegani kwenda chini, kwa vipande vinavyoshonwa au kwa mviringo usio na mshono. Kichujio cha urefu wa uzi ndicho kinachonifaa zaidi, kwa sababu mtu aliyenunua uzi Kariakoo akapanda nao milimani hana uhakika wa kupata donge moja la ziada lenye rangi ileile baadaye. Patani za kulipia hununuliwa mtandaoni, kisha hupakuliwa kama faili ya PDF. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na bado sijakutana na ya Kiswahili, lakini vifupisho vyake ni vilevile kila mara na huzoeleka upesi. Humo pia zimeorodheshwa patani za DROPS, za kampuni ya Garnstudio ya Norwei, ambazo hutolewa bure kwa lugha nyingi na kwa kawaida huambatana na mchoro wenye vipimo kwa sentimita. Kwa mtu anayeanza kufuma vizibao, ningemshauri aanzie hapo kabla hajatoa fedha.

Hata hivyo, thamani kubwa ya Ravelry kwangu haimo katika patani zenyewe, imo katika kurasa za kazi zilizokamilika. Kila patani hufuatwa na picha za watu walioifuma, na wengi wao huandika uzi waliotumia, sindano, saizi waliyoichagua na mabadiliko waliyoyafanya. Picha ya mbunifu huonyesha mwanamitindo aliyesimama wima, amegeuka kidogo, pengine mkono mmoja kiunoni. Picha za wafumaji huonyesha miili ya kila namna, na huko ndiko ukweli wa patani unakojulikana. Mimi huanza kutazama kwapani. Mkunjo unaotoka ncha ya titi kwenda kwapani unasema kwamba mbele hapakuwa na kitambaa cha kutosha kufunika kifua. Pindo lililopanda mbele huku la nyuma likiwa limelala sawa linasema jambo hilohilo kwa namna nyingine. Ukiona ukingo wa kwapa umesimama mbali na mwili kama mdomo uliofunguliwa, ujue mfumaji alichagua saizi kubwa ili kifua kipite, na bega likapanuka pamoja nacho. Dalili hizo zikijirudia kwa watu watano au sita wenye miili tofauti, tatizo limo kwenye patani. Zikijitokeza kwa mmoja tu, limo kwenye saizi aliyoichagua.

Sasa niingie kwenye marekebisho, nikitumia kizibao cha shingo ya V nilichokifuma kutoka patani moja ya bure. Uzi nilionao ni akriliki ya kawaida ya dukani, yenye lebo isiyotaja unene wala sindano. Ili kujua unene wake niliuzungushia kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kubanana, nikahesabu mizunguko iliyoingia katika inchi moja. Kwa viwango vya Ravelry, uzi wa DK, ulio mwembamba kiasi, huingia mara 11 na uzi wa worsted, ulio mnene zaidi yake, mara 9. Wangu uliingia mara 10, yaani uko katikati. Nilifuma kipande cha majaribio chenye upana wa sentimita 15, nikakifua, nikakilaza kikauke bila kukivuta, kisha nikapima sentimita 10 za katikati, mbali na kingo, kwa sababu kingo hudanganya. Nilipata vitanzi 20 kwa upana na safu 27 kwa urefu, wakati patani ilitaka vitanzi 22 na safu 30. Nawaomba wenzangu wasikipige pasi kipande cha akriliki wala kukifukiza kwa mvuke, kwa maana joto huulegeza uzi huo moja kwa moja na vipimo vyote vinakuwa vya uongo.

Tofauti ya vitanzi viwili inaonekana ndogo, ila kwenye kifua cha sentimita 96 inatosha kuongeza karibu sentimita 10 za upana. Wengi hubadili sindano mpaka vipimo vilingane, na ni sawa kama kitambaa kitabaki laini. Mimi kitambaa changu nilikipenda kilivyokuwa, kwa hiyo nilibadili saizi badala ya sindano. Nilitaka kizibao chenye mzunguko wa sentimita 96, ambao kwa ufumaji wangu ni vitanzi 192. Nikatafuta kwenye patani saizi yenye idadi inayokaribia hiyo, na nikaikuta ni ile iliyokusudiwa kutoa mzunguko wa sentimita 87. Nikafuata namba za saizi hiyo, nikijua kwamba mkononi mwangu zitatoa 96. Kwa urefu, hata hivyo, sikufuata idadi ya safu popote. Patani inayosema ufume safu 60 kwapani inakusudia sentimita 20, lakini safu zangu 60 zinatoa zaidi ya sentimita 22, na sentimita hizo mbili kwapani hazifichiki. Kila mahali palipoandikwa safu niliandika sentimita pembeni kwa penseli.

Msomaji atauliza kwa nini 96, wakati kifua changu kinapopimwa palipojaa ni sentimita 98. Hapa ndipo penye siri ya kizibao kinachokaa vizuri, na ni jambo ambalo maelezo mengi ya saizi hulinyamazia. Patani hupangwa kwa kipimo cha kifua palipojaa, na mabega, shingo na makwapa huongezeka pamoja nacho, ingawa mifupa ya mabega haiongezeki kwa sababu ya ukubwa wa matiti. Kwa hiyo mimi hupitisha futi juu ya matiti, chini kabisa ya makwapa, na kipimo hicho, ambacho kwangu ni sentimita 90, ndicho kinachonichagulia saizi. Nikaongeza sentimita 6 za nafasi kwa ajili ya blauzi, nikapata 96. Sentimita 8 zinazodaiwa na kifua niliziweka mbele peke yake, mahali zinapohitajika, ili mgongo na mabega yabaki ya mtu wa saizi yangu.

Kwa vitendo ilikuwa hivi. Nyuma ilianza na vitanzi 96 na kubaki hivyo mpaka kwapani. Mbele nayo ilianza na 96, lakini baada ya ukingo wa chini niliongeza kitanzi kimoja kila upande kila baada ya safu 8, mara nane, nikafika 112. Upana peke yake haukutosha. Nilikuwa nimepima kutoka juu ya bega, karibu na shingo, nikipita juu ya titi hadi kiunoni, nikapata sentimita 47, na mgongoni kutoka mahali palepale hadi kiunoni nikapata 42. Sentimita hizo 5 ndizo zinazolifanya pindo la mbele lipande. Nilizijaza kwa safu fupi: sentimita chache chini ya ncha ya titi nilifuma hadi karibu na ukingo, nikageuza kabla ya kufika mwisho, nikarudi hadi karibu na ukingo wa upande wa pili, nikageuza tena, kila mara nikiacha vitanzi vichache zaidi bila kufumwa. Jozi 7 za namna hiyo zilinipa safu 14 katikati ya kifua, sawa na sentimita 5 na kidogo. Uzuri wake ni kwamba urefu wa ubavuni haubadiliki, hivyo mishono ya pembeni inakutana bila kuvutana. Kila unapogeuza, zungusha uzi kwenye kitanzi kinachofuata kabla ya kurudi, na utakapokipita baadaye ukifume pamoja na mzunguko wake. Usipofanya hivyo, pataonekana mstari wa vitundu.

Kwapa na bega ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, na sijutii. Upana wangu wa mgongo, kutoka mfupa wa bega hadi mfupa wa bega, ni sentimita 36. Kizibao hiki kina ukingo wa kwapa wa sentimita 2.5 kila upande, na ukingo huo huongezwa nje ya kitambaa. Asiyeutoa kwenye hesabu ataona bega likining'inia juu ya mkono kama bawa. Nikatoa 5 kwenye 36, ikabaki 31, yaani vitanzi 62. Nyuma, kutoka 96 hadi 62, ni kupunguza 17 kila upande: nilifunga 6 mara moja, kisha 3, kisha 2, halafu kimoja kimoja mara sita, kila safu ya pili. Mbele, kutoka 112, ni 25 kila upande: 8, kisha 4, 3, 2, halafu kimoja kimoja mara nane. Pindo la kwapa la mbele linakuwa limechimbika zaidi kuliko la nyuma, jambo ambalo fundi yeyote wa cherehani analijua, lakini patani nyingi za kufuma huzifanya pande zote mbili zifanane. Kina cha kwapa nilikifanya sentimita 23, kwa sababu ukingo hurudisha 2.5 juu na blauzi nayo inahitaji pumzi yake.

Kwa ukingo wenyewe nilishuka hadi sindano ndogo zaidi na kuokota, yaani kuchomoa vitanzi vipya ukingoni mwa kitambaa, vitanzi 3 kwa kila safu 4 sehemu zilizosimama, na kimoja kwa kimoja pale nilipokuwa nimefunga vitanzi chini ya kwapa. Ukiokota kimoja kwa kila safu, ukingo unakuwa mwingi kuliko nafasi yake na kufanya mawimbi. Kwenye shingo nilitumia uwiano uleule.

Kuna patani niliyoilipia kabla ya hiyo, ya mbunifu ambaye sitamtaja, iliyokuwa na picha za kupendeza na saizi kumi, lakini haikuwa na mchoro hata mmoja wa vipimo: hapakuwa na kina cha kwapa, upana wa bega wala urefu wa pembeni. Patani ya namna hiyo hairekebishiki mpaka umezibadili namba zake zote kuwa sentimita wewe mwenyewe, na kazi hiyo mnunuzi hapaswi kuilipia. Tangu hapo, kabla ya kununua, husoma maelezo ya patani kwenye Ravelry kuona kama mchoro umetajwa, na kama haukutajwa, hutafuta kwenye kazi za wafumaji wengine mtu aliyeandika vipimo vya vazi lake lililokamilika. Nisipompata, patani hiyo huiacha hata kama nimeipenda.

Wanaofuma vizibao vya wanaume wanaweza kuziruka safu fupi za kifuani, ila mwenye kitambi azishushe safu hizohizo hadi tumboni na apime mbele na nyuma kwa njia ileile. Hesabu ya bega na kwapa haibadiliki.