Trastuzumabu au imatinibu: uzazi unaguswaje?

Kwa mwanamke wa Kasulu au Urambo, dawa hizi hazibadilishani: trastuzumabu ni dripu ya saratani ya matiti yenye HER2 (protini inayochochea seli za saratani kukua), mara nyingi kila wiki 3, imatinibu ni kidonge cha kila siku cha saratani ya damu, CML.

Trastuzumabu hupunguza maji ya uzazi, mapafu ya mtoto yakadumaa. Hukawia kutoka mwilini, hivyo zuia mimba hadi miezi 7 baada ya dozi ya mwisho. Tumia kitanzi cha shaba; sindano na vijiti vina homoni, havifai kwa mwenye saratani ya matiti.

Imatinibu hutoka upesi, siku 15 za kuzuia mimba baada ya kidonge cha mwisho zinatosha, ila huweza kuharibu mimba au kuleta kasoro za viungo. Chembe sahani (zinazogandisha damu) zikishuka hedhi huwa nzito, na kitanzi hichohicho huzidisha damu. Kuacha kidonge kimyakimya ili ushike mimba? Hatari: CML huweza kurudi.